Safari za Siku Moja Ziwani: Wageni Wengi, Boti Chache

Mtalii afikaye Kampala aghalabu hana siku nyingi. Akiisha kuuzunguka mji na vilima vyake, hutafuta safari ya maji ya siku moja: aondoke asubuhi, arejee jioni. Vya kutazama havikosekani. Kilomita 23 hivi kutoka Entebbe kipo kisiwa cha Ngamba, ambako tangu mwaka 1998 hutunzwa sokwe waliookolewa. Katika kinamasi cha Mabamba huonekana ndege adimu mwenye mdomo mpana mfano wa kiatu.

Lakini wageni hawaji kwa kipimo kimoja kila siku. Hufurika Jumamosi, Jumapili na siku za sikukuu, wakati ambapo wakazi wa Kampala wenyewe nao hutaka kuburudika ziwani. Boti, kwa upande wake, haziongezeki kwa kuwa ni sikukuu. Chombo kizuri kina gharama: injini, mafuta, nahodha mwenye ujuzi, jaketi za kujiokolea na ukaguzi. Hapo ndipo hatari huzaliwa. Ama boti nzuri hupakiwa kupita kiasi, ama boti mbovu huingia majini kujaza pengo.

Jumamosi ya tarehe 24 Novemba 2018, taifa lilipata msiba wa namna hiyo. MV Templar, boti ya starehe, ilizama karibu na ufuko wa Mutima, wilaya ya Mukono. Chombo kilichokadiriwa kubeba watu wapatao 50 kilikuwa kimechukua karibu maradufu. Serikali ilieleza kuwa hakikuwa na leseni. Polisi walisema baadhi ya abiria walikataa kuvaa jaketi. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wavuvi, polisi na wanajeshi ndio walioopoa walio hai na maiti.

Husemwa kuwa ajali haina kinga. Ile ilikuwa na kinga, nayo ilikuwa mwaloni kabla ya kamba kufunguliwa.

Ndugu askari, sheria ya usafiri wa majini ya mwaka 2021 imeweka utaratibu wa kusajili vyombo na kuvipa leseni. Hata hivyo, sheria haina macho. Macho ni yako. Kuhesabu vichwa, kutazama leseni na kuhakikisha kila abiria amevaa jaketi ni ulinzi wa taifa sawa na lindo la mpakani. Kazi hii si nyepesi. Abiria wa starehe huenda wakawa watu wenye mali na vyeo, nauli imekwisha lipwa na ngoma imekwisha anza. Askari wa cheo cha chini huhitaji moyo kusema, “Boti hii haiondoki.” Mkubwa wake naye hana budi kumuunga mkono.

Walakini, kuzuia peke yake hakutoshi, kwani boti iliyozuiwa mwalo huu huweza kwenda mwalo mwingine. Tutazame Paraa, katika hifadhi ya Murchison: boti za watalii huondoka kwa saa zilizopangwa, na mgeni aliyekosa nafasi asubuhi husubiri safari ya alasiri. Mialo ya Kampala na Entebbe yafaa iwe na utaratibu huo, ili abiria aliyezuiwa aonyeshwe chombo halali. Mgeni aliyecheleweshwa atanung’unika saa moja. Aliyezama hatarejea kwao kutusifu wala kutulaumu.