USALAMA SAFARINI: KITI KINAPATIKANA, MGUU HAURUDI

Ndugu mtumishi, konji yako imefika. Unataka kwenda Kamina ao Kananga na bibi na watoto, kusalimia wazee. Gare imejaa watu, na hakuna kiti kilichoandikwa kwa jina lako. Ufanye nini?

Anza nyumbani. Punguza mizigo, maana mwenye mikono miwili iliyojaa hawezi kushika chuma cha mlango wala mkono wa mtoto. Fika mapema. Nunua tikiti kwenye dirisha la gare, si kwa mtu wa pembeni. Watu wengi wanasongana mbele ya mlango wa gare. Wewe tembea mpaka vagoni za mwisho. Kule mara nyingi nafasi inabaki.

Treni ikiingia, usiirukie. Ngoja isimame kabisa, waache wanaoshuka washuke. Mkubwa mmoja apande kwanza, apokee watoto. Mwingine apande nyuma yao, ili asibaki mtoto chini. Mtoto hapitishwi dirishani.

Ukikosa kiti, weka mzigo wako ndani, mbali na mlango, ukae juu yake. Uliza kwa heshima: «Baba, unashuka wapi?» Kaa karibu na yule anayeshuka mbele yako. Ukipata kiti, umkumbuke mama mwenye mimba.

Usipande juu ya paa. Njia ya Lubumbashi mpaka Kamina iliwekewa waya wa umeme wa volti 25.000. Umeme ule unaweza kukurukia hata kama hukugusa waya. Usiseme: «Leo waya umekufa.» Nani amekuambia?

Tena usipande treni ya mizigo. Mwezi wa Novemba 2017, karibu na Lubudi, treni iliyobeba mafuta ilianguka bondeni ikawaka. Watu zaidi ya 30 walikufa. Tarehe 10 Machi 2022, huko Buyofwe, Lualaba, nyingine ilianguka. Walikufa watu wasiopungua 75. Mara zote mbili, watu walikuwa wamepanda kwa siri.

Kazini hupandi mashine inayotembea. Kwenye gare pia sheria ni ile ile. Treni ikijaa kabisa, rudi nyumbani na jamaa yako. Ni kweli, nyingine inaweza kukawia siku nyingi, na chakula cha njiani kitaharibika. Lakini wazee wanangoja mtoto wao mzima, hawangoji habari ya kilio.

Mtumishi mwenye akili anafika.