Fundi wa delta, karatasi hizi ndizo zinazokukosesha tenda

Kibiti. Shule inataka madawati. Fundi seremala yupo palepale kijijini, kazi anaijua na bei yake ni nafuu, lakini tenda inachukuliwa na mtu wa Dar. Mara nyingi ishu siyo ujuzi, ni makaratasi.

Tangu mwaka 2023, manunuzi ya umma yamehamia kwenye mfumo wa NeST unaosimamiwa na PPRA, uliochukua nafasi ya TANePS. Kama haumo humo, halmashauri haikuoni, hata kama na ofisa manunuzi mnasalimiana kila siku.

Uwe na nini mkononi?

Namba ya NIDA, TIN ya TRA, jina la biashara lililosajiliwa BRELA, na leseni ya biashara, ambayo kwa halmashauri inaombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Ongeza cheti cha TRA kinachoonyesha hudaiwi kodi.

Kwenye leseni ndipo wengi wanapoteleza. NeST inakutaka uchague aina ya biashara unayofanya, na vibali vyako viendane nayo. Ukikata leseni ya duka kwa sababu ndiyo uliyoambiwa ni rahisi, halafu ukataka kuuza madawati, umejifungia mlango mwenyewe. Pia leseni ina tarehe ya mwisho. Ikiisha katikati ya msimu wa tenda, imekula kwako.

Kazi za ujenzi zina Bodi yake, CRB, na makandarasi wa majengo wanaanzia daraja la saba. Unayesindika chakula utaulizwa alama ya TBS. Mjasiriamali mdogo anaanza na barua ya utambulisho kutoka SIDO.

Asilimia 30 ni ya nani?

Hii ndiyo sehemu ambayo watu wa Salale, Mbuchi na Maparoni wangeichangamkia zaidi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya bajeti ya manunuzi kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Humo mnashindana ninyi kwa ninyi, siyo na kampuni kubwa. Lakini kikundi lazima kitambulike, na safari inaanzia kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako.

Usimwachie mtu wa steshenari kila kitu

Kwa anayetoka visiwani mwa delta, kufika Kibiti mjini ni boti kwanza, halafu gari. Ndiyo maana wengi wakifika wanamalizana fasta: kijana wa steshenari anawafungulia akaunti kwa barua pepe yake na nywila anabaki nayo. Taarifa za tenda zinaingia kwake. Fungua barua pepe yako, kwenye simu yako, kabla hujapanda boti. Vyeti vipige picha safi uvihifadhi humohumo.

Ukishinda, jiandae pia kusubiri malipo, maana mzigo unaupeleka kwanza. Wanawake, vijana na wenye ulemavu wanaweza kuomba mtaji kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa nne, nne na mbili. Wazee hawamo kwenye mgao huo, ingawa kwenye ile 30 wamo.