Daraja la Karatasi

Je, umewahi kujiuliza kwa nini bati la kuezekea nyumba lina mawimbi? Mawimbi yale si pambo. Bati lile lile lingekuwa bapa, lingepinda kwa uzito mdogo tu. Kujua sababu yake ni sehemu ya elimu ya uhandisi. Mhandisi ni mtu anayebuni madaraja, mashine, mifereji na vitu vingine, na kuhakikisha kwamba vitaimudu kazi yake.

Elimu hiyo yaweza kufundishwa kwa maneno matupu. Mwalimu huandika ubaoni, mwanafunzi hunakili. Siku ya mtihani hujibu, akapewa cheti. Lakini daraja halisomi cheti cha aliyelijenga. Kama halina nguvu litaanguka, pengine watu wakiwa juu yake.

Kwa hiyo walimu wengi huwapa wanafunzi wao kitu cha kujenga. Jaribio moja ni hili. Mwalimu huweka vitabu viwili mezani, vikiwa vimeachana shubiri moja. Kisha humpa kila mwanafunzi karatasi moja na kusema, "Jenga daraja. Usitumie gundi. Tutaona litabeba kokoto ngapi."

Wengi huilaza karatasi juu ya vitabu. Inabonyea katikati hata kabla ya kuwekewa kitu. Mwingine anaikunja mara mbili. Afadhali kidogo. Halafu mmoja anaikunja kama bati, mkunjo juu, mkunjo chini. Mikunjo inatoka kitabu kimoja hadi kingine. Sasa karatasi ile ile inabeba kokoto! Jirani yake anaigiza, lakini analaza mikunjo kwa upande mwingine. Daraja lake linajikunja na kuanguka. Wote wanacheka, naye anageuza karatasi. Mpaka hapo mwalimu hajaeleza lolote.

Sasa ndipo aeleze. Asipoeleza, wanafunzi wamecheza tu. Karatasi iliyolala haina kimo. Ikikunjwa inapata kimo, na kitu chenye kimo hakipindi kwa urahisi. Chukua ubao wa inchi 2 kwa 4. Ulaze juu ya mawe mawili, ukanyage katikati. Kisha usimamishe kwa ubavu, mwenzako aushike usianguke, ukanyage tena. Ubao uliosimama ni mgumu kupinda mara 4 kuliko uliolala, ingawa ni ubao ule ule. Seremala wa kijijini analijua jambo hili. Ndiyo maana mbao za kubeba paa huzisimamisha, hazilazi.

Huko Marekani, mwalimu mmoja aliyejulikana sana kwa kufundisha hivi alikuwa Woodie Flowers, aliyefariki mwaka 2019. Alifundisha katika Chuo cha MIT. Katika miaka ya 1970 alianza kumpa kila mwanafunzi sanduku la vikorokoro. Masanduku yote yalikuwa na vitu vile vile. Kila mmoja alitakiwa kuunda mashine ya kufanya kazi fulani, na mwisho mashine hizo zilishindana mbele ya wanafunzi wengine. Vitu vilikuwa sawa, lakini mashine zilikuwa tofauti kabisa. Hapakuwa na jibu moja la kukariri. Mashine ikikwama, mwenyewe aliona imekwama wapi.

Masomo ya namna hii huchukua muda mrefu, na darasa huwa na kelele. Mwalimu anayependa ukimya hatayafurahia.

Jaribuni darasani kwenu. Karatasi ya daftari, vitabu viwili na kokoto ndogo vinatosha. Kabla ya kuanza, kila mmoja akisie daraja lake litabeba kokoto ngapi, aandike. Wekeni kokoto moja moja. Daraja likianguka, andikeni idadi, kisha kunjeni upya kwa namna nyingine.