HOTELI ISIYOPOKEA WATOTO

Mgeni anapowasili katika kijiji cha Oia, kaskazini mwa kisiwa cha Santorini nchini Ugiriki, gari humwacha juu ya kijiji, kwani kutoka hapo kwenda chini ni ngazi tupu. Mchukuzi wa hoteli hujitwika masanduku begani na kuteremka nayo, ngazi baada ya ngazi, huku mgeni akimfuata polepole na mkono wake umeshika ukuta. Upande mmoja ziko nyumba zilizopakwa chokaa nyeupe. Upande wa pili ni genge, na chini kabisa ni bahari.

Chumba anachoonyeshwa ni pango. Kimechimbwa ndani ya genge, na dari lake limepinda kama mtumbwi uliofudikizwa. Ndani kuna kitanda kipana chenye shuka za pamba safi, na nje ya mlango kuna baraza yenye kidimbwi cha kuogelea. Kifungua kinywa huletwa hapo hapo barazani. Hakuna sauti ila ya upepo. Hakuna mtoto anayelia wala anayekimbia, kwa maana hoteli hii, kama nyingi za aina yake kisiwani, haipokei watoto. Nyingine hukataa walio chini ya miaka 13, nyingine 16, na nyingine 18.

Sababu zinazotolewa ni mbili. Ya kwanza ni hatari: ngazi ni kali, na baraza nyingi ziko ukingoni mwa genge. Ya pili ni ukimya, ambao ndio hasa mgeni anaulipia mamia ya euro kwa usiku mmoja. Mama aliyelea watoto watano katika nyumba ya vyumba viwili huenda akacheka akisikia kwamba ukimya nao una bei yake sokoni.

Lakini la kustaajabisha zaidi si bei. Pango hilo hilo, miaka sabini na ushee iliyopita, lilikuwa limejaa watoto.

NYUMBA YA BAHARIA

Santorini, ambacho Wagiriki hukiita pia Thira, kiko katika Bahari ya Aegean, zaidi ya kilomita 200 kusini-mashariki ya Athens. Miaka 3,600 hivi iliyopita volkeno ililipuka huko kwa nguvu za kutisha. Sehemu ya katikati ikadidimia na bahari ikaingia. Kilichosalia ni kisiwa chenye umbo la mwezi mwandamo, chenye magenge yanayokaribia mita 300 kwenda juu, na tabaka nene za majivu yaliyogandamana.

Majivu hayo huchimbika kwa sururu, wala hayaporomoki upesi. Na kwa kuwa miti ya kujengea ni haba, mtu maskini alijichimbia nyumba. Wenye merikebu walijenga majumba makubwa juu ya kijiji; mabaharia wao waliishi chini, ndani ya genge. Kuta nene zilizuia joto la Julai na baridi ya Januari. Paa la nyumba moja lilikuwa ua wa jirani wa juu. Kisiwa hakina mito, kwa hiyo maji ya mvua yalikingwa kutoka mapaani na kuhifadhiwa katika birika lililochimbwa ardhini. Humo walilala baba, mama, watoto na bibi, wote pamoja.

Alfajiri ya tarehe 9 Julai 1956 ardhi ilitetemeka. Watu zaidi ya 50 walifariki na nyumba nyingi zikabomoka. Familia nyingi zilifunga mizigo zikahamia Athens, na mapango yakabaki matupu. Katika miaka ya 1970 Shirika la Utalii la Serikali ya Ugiriki lilianza kukarabati baadhi ya nyumba za Oia ziwe malazi ya wageni. Wenye mali binafsi wakafuata, na makazi ya maskini yakageuka vyumba vya matajiri.

Si haki kusema kwamba wenyeji hawakufaidika. Kisiwa kilichokuwa kikikimbiwa na vijana wake sasa huajiri hata watu wa nchi jirani. Wakulima wa zabibu wana wanunuzi mlangoni.

MWALIMU HANA PA KULALA

Hata hivyo, kisiwa hicho chenye wakazi wapatao 15,000 tu hupokea wageni zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Nyumba inayoweza kupangishwa kwa mtalii haipangishwi kwa mtumishi wa umma. Msomaji aliyewahi kuhamishwa kituo kimoja hadi kingine, akifika na mke, watoto na magodoro, ataielewa hali hii bila kuelezwa sana.

Shule hufunguliwa Septemba, wakati msimu wa watalii ungali umepamba moto. Mwalimu anayepangiwa kazi Santorini hufika na kukuta kodi ni ya mtalii, na mshahara ni wa mwalimu. Akibahatika kupata chumba, mara nyingi huambiwa akiache kabla ya kiangazi kuanza. Madaktari na polisi wanaopelekwa huko wana shida hiyo hiyo, na wako wanaokataa kwenda. Septemba 2025 Serikali ya Ugiriki ilitangaza kwamba walimu, madaktari na wauguzi wanaofanya kazi nje ya Athens na Thessaloniki watarudishiwa kodi ya miezi miwili kwa mwaka. Ni msaada, lakini pesa hazimfai mtu iwapo chumba chenyewe hakipo.

Umuhimu wa watumishi hao ulionekana mwanzoni mwa mwaka 2025. Kuanzia mwishoni mwa Januari kisiwa kilitikiswa na maelfu ya matetemeko. Shule zilifungwa, watu zaidi ya 10,000 waliondoka kwa meli na ndege, na hali ya hatari ikatangazwa. Wenye hoteli waliagizwa kumwaga maji ya vidimbwi, maana uzito wake ungeweza kuyadhuru majengo. Wakati wageni hawapo na vidimbwi ni vikavu, waliobaki kazini walikuwa zimamoto, polisi na wahudumu wa afya, wale wale wanaohangaika kutafuta chumba.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wa Santorini wamepona umaskini wa mwaka 1956, na hakuna anayetaka urudi. Lakini mwenyeji si mwenye hoteli peke yake. Ni pamoja na anayefundisha watoto wake, anayemtibu na anayemlinda. Nchi yoyote inayokaribisha wageni ingefaa ijifunze hapo: hoteli na ijengwe, lakini nyumba ya mwalimu na ya polisi itangulie.