Kasia, Kafi na Upondo: Nguvu za Mikono Katika Ziwa Turkana

Mji wa Lodwar umekaa kando ya Mto Turkwel, katika nchi ambayo mvua yake ni haba na jua lake ni kali; na Kakuma, ulio yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi yake, umepakana na Mto Tarach, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni njia ya mchanga mtupu. Hata hivyo, samaki huuzwa katika masoko ya miji hii miwili, wabichi kwa wakavu, nao hutoka Ziwa Turkana, mwendo wa kilomita 60 hivi mashariki ya Lodwar. Na kabla hawajapakiwa garini kule Kalokol, karibu na ziwa, humbidi mtu kuwafuata majini, aghalabu kwa chombo kinachokwenda kwa nguvu za mikono. Kwa hiyo mla samaki wa nchi kavu naye ana haki ya kuzijua ala za kazi hiyo, majina yake, na sababu ya kila jina.

Wengi wetu huita kasia kila mti unaosukuma mtumbwi, na katika maongezi ya kawaida hapana dhara. Lakini mabaharia wa pwani, ambao maisha yao yalitegemea kutii amri upesi, walibainisha vitu vitatu, yaani upondo, kafi na kasia. Kila kimoja ni jibu la maji ya namna yake.

Upondo ni mti mrefu, mnyofu, usio na ubapa, nao hufaa pale tu ambapo sakafu ya maji hufikiwa. Katika Ghuba ya Ferguson, karibu na Kalokol, Waturkana tangu zamani wamefunga pamoja magogo ya mkoma wakapata chelezo, na juu ya chelezo hilo mvuvi husimama, huchomeka upondo chini hadi ushike tope, kisha huuegemea kwa uzito wa mwili mzima, mikono ikipanda mti hatua kwa hatua, mpaka magogo yateleze mbele. Ndipo huuchomoa kwa kuuzungusha kidogo, asije akaachwa ameshika mti huku chelezo limekwenda zake. Lakini ghuba hii haina kina cha kudumu, maana maji mengi ya ziwa huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, na mto ukipungua ziwa hujongea nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilijengwa Kalokol kiwanda cha samaki kwa msaada wa Norwe, na kabla ya muongo ule kwisha ghuba ilikuwa imekauka. Miaka ya karibuni maji yamepanda tena yakafunika fuo zilizokuwa makao ya watu. Panapokuwa na kina kirefu upondo hauna msaada, kwa kuwa haukuti pa kukita.

Hapo ndipo hutwaliwa kafi. Hili ni fupi, lina ubapa mpana, na halifungwi popote. Mpigaji hulishika kwa mikono miwili, uso wake ukielekea omo, yaani mbele ya chombo, huchota maji kando yake na kuyasukuma nyuma. Uzuri wake ni kwamba aona aendako, na aweza kuhamisha kafi upande wa pili mara moja. Taabu yake ni kwamba nguvu zote zatoka mabegani, bila ya mahali pa kuegemeza mti.

Kasia lenyewe ni refu, nalo huegemea ukingoni mwa chombo katika kileti, au hupitishwa ndani ya kishwara, kitanzi cha kamba kinacholizuia lisichopoke. Mvutaji huketi akielekea tezi, yaani nyuma ya chombo, na kuipa omo mgongo, hutia ubapa majini, kisha hujivuta nyuma kwa miguu, kiuno na mikono kwa pamoja. Na kwa kuwa kileti ni egemeo, nguvu kidogo ya mtu huhamisha chombo kizito. Ndiyo sababu husemwa kuvuta makasia, ilhali kafi hupigwa. Akitaka kugeuza chombo, huvuta upande mmoja na kusukuma upande wa pili. Na ubapa ukiisha kutoka majini, mjuzi huulaza, upepo usipate pa kuushika.

Katika Ziwa Turkana tahadhari hiyo si mapambo, maana upepo wa kusini-mashariki huvuma huko kwa nguvu, na mawimbi huinuka ghafla. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa uchunguzi wa Mwingereza Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walikwenda Kisiwa cha Kusini cha ziwa hilo, nao hawakuonekana tena. Siku hizi mashua kadhaa zina mashine, na hiyo ni neema. Lakini mashine yaweza kuzimika, na mafuta yaweza kwisha katikati ya ziwa, na saa hiyo mwenye makasia ana njia ya kuelekeza omo kwenye mawimbi, na asiye nayo hupigwa ubavuni.

Kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, imekusanya watu waliozaliwa kando ya maji mengine: Wakongo na Warundi waliolijua Ziwa Tanganyika, na Wasudani Kusini waliokulia kando ya Nili. Wengi wao wamekutana katika Kiswahili, na ingefaa sana kama wangeyatia ndani yake maarifa ya vyombo vyao, mzee akamweleza kijana ambaye hajapata kuona maji mapana jinsi kafi linavyochongwa na jinsi kishwara kinavyofungwa.

Kwa vikundi vinavyosimamia fuo za Turkana nina ombi moja: mashua yenye mashine isiondoke ufukweni bila jozi ya makasia na vileti vyake, na kila kijana anayepanda chombo afundishwe kwanza kuvuta, kusukuma na kugeuza katika maji ya shwari, karibu na nchi kavu. Gharama ya miti miwili ni ndogo, na mvuvi akiipoteza roho yake kwa kuikosa, hapana soko, la Lodwar wala la Kakuma, litakaloweza kuilipa.