"Fundi, Nifungie Taa Kali"

Hapa Makambako, barabara ya Mbeya inapoachana na ile ya Njombe na Songea, ukungu hatuusomi magazetini. Miezi ya baridi zipo asubuhi ambazo lori la mbao unalisikia kabla ya kuliona. Kwa hiyo siwacheki wateja wanaofika kwenye kibanda changu cha umeme wa magari wakiwa na boksi mkononi na ombi lile lile: "Fundi, nifungie taa kali." Shida yao ni ya kweli. Tunachobishania ni taa ifungwe wapi, iwashwe kwa swichi ipi, na nani atakayemulikwa.

Kabla ya kulifungua hilo boksi huwa nauliza kama taa za kiwandani ni nzima. "Zinawaka, ila hazifiki mbali." Basi nachukua mita, sichukui spana. Injini ikiwa inanguruma, betri husoma volti 13.8 hadi 14.2. Naishusha mita hadi nyuma ya balbu, na kwenye gari lililokwisha kula miaka ya vumbi na mvua si ajabu nikute 12 au pungufu. Umeme umepotelea njiani: waya wa bodi umeshika kutu, soketi imeungua, au fundi fulani aliunga nyaya kwa kuzisokota na kuzifunga selotepu. Balbu ya halojeni haisamehe. Ukiinyima asilimia 10 ya volti, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Mteja anadhani taa za Toyota ni dhaifu, kumbe taa ina njaa.

Jingine ni kioo chenyewe, ambacho siku hizi ni plastiki. Jua hukifanya cha njano na chenye ukungu wake chenyewe, usiohitaji baridi ya Njombe. Ninakisugua kwa msasa wa maji, naanza na wa 800, kisha 1500, kisha 2000, namalizia na polishi, halafu napaka rangi angavu ya kukinga jua. Usipopaka hiyo ya mwisho, baada ya muda mfupi unjano unarudi. Wanaosugua kwa dawa ya meno wanapata mng'ao wa kumfurahisha mnunuzi na si zaidi. Wateja wengi huishia hapo na kuondoka na boksi lao bila kulifungua. Kibiashara sipati kitu, lakini usiku wanapishana na mimi pia barabarani.

Wanaobaki na haja ya kweli nawaambia wachague, maana taa za nyongeza za mbele ni za aina mbili na kazi zao zinapingana. Kuna spoti, inayotupa mwanga mwembamba mbali sana. Hii ni msaidizi wa fulu. Kuna na fogi, inayomwaga mwanga mpana na mfupi, uliokatwa juu kwa mstari ulionyooka. Hii ni msaidizi wa dimu.

Ukiwasha spoti kwenye ukungu ni kama kumulika ukuta uliopakwa chokaa, kwa sababu kila tone la maji hewani linakurudishia mwanga machoni. Fogi hufungwa chini ili mwanga wake upite karibu na lami, uonyeshe mstari wa pembeni na ukingo wa barabara, bila kugonga ule ukungu ulio mbele ya macho yako. Ndiyo maana anayenitaka nimfungie fogi juu ya kava la boneti huwa tunagombana. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa, ambayo watengenezaji wa Japani na Ulaya wanaifuata, inataka fogi za mbele ziwe mbili, nyeupe au za njano maalumu, zisishuke chini ya sentimita 25 kutoka ardhini wala kupanda juu ya sentimita 80 kwa gari dogo. Aliyeziandika namba hizo alikuwa anawaza ukungu.

Kuhusu njano, kijiweni kuna imani kwamba inapasua ukungu. Haipasui. Matone ya ukungu ni makubwa mno kubagua rangi, yanatawanya zote. Njano inachofanya ni kupunguza ule ubluu unaochosha macho, na kwa dereva wa safari ndefu hiyo si haba. Wafaransa waliliamini jambo hili kiasi cha kulazimisha taa kubwa za magari yao yote ziwe za njano tangu miaka ya 1930 hadi 1993, kisha wakaachana nalo bila barabara zao kuharibika. Mimi nafunga rangi yoyote kati ya hizo mbili, mteja achague.

Sasa sheria. Yetu ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na askari wa trafiki akikukuta na kosa la taa anakuandikia shilingi 30,000 kwa kosa moja. Lakini ukitaka kuelewa sheria za taa zinatokana na nini, angalia Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani. Fulu imulike angalau mita 100 mbele, dimu angalau mita 40, bila kumpofusha anayekuja. Mbele pasitoke mwanga mwekundu. Nyuma pasitoke mweupe, isipokuwa taa ya kurudi nyuma. Na ile Kanuni namba 48 inaongeza kwamba ukishusha dimu, kila taa ya fulu izimike kwa pamoja.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayovunjwa zaidi, na kosa huwa ni la fundi aliyefunga waya. Njia rahisi ni kuvuta waya kutoka betri, kuupitisha kwenye swichi ya dukani iliyobandikwa chini ya usukani, na kuupeleka kwenye spoti. Taa inawaka, mteja anafurahi, analipa. Akikutana na basi usiku anadimu taa kubwa kama kawaida yake, spoti zinabaki zinamchoma dereva wa basi, kwa sababu kuzizima kunahitaji mkono wa pili na kumbukumbu. Dereva aliyechoka hana vyote viwili.

Njia sahihi inahitaji rilei ya miguu minne, na bei yake si ya kutisha. Mguu namba 30 unapokea umeme wa betri kupitia fyuzi iliyokaa karibu kabisa na betri. Namba 87 unakwenda kwenye taa. Namba 85 unakwenda bodi. Namba 86 ndio unaopokea amri, na amri hiyo lazima itoke kwenye waya wa fulu, ikipitia swichi ya dereva. Hapo ukishusha dimu, spoti zinazimika zenyewe hata kama swichi yake imewashwa. Kwa fogi amri naitoa kwenye taa ndogo, ziwake pamoja na dimu na ziwe na swichi yao. Taa mbili za wati 55 zinakula ampea 9 na kitu, kwa hiyo waya wa milimita mraba 2.5 na fyuzi ya 15 zinatosha. Nimeshaletewa gari lenye kipande cha msumari mahali pa fyuzi. Mwenye gari alisema fyuzi zilikuwa zinamsumbua kwa kukatika.

Kuna alama ndogo watu hawaisomi. Kwenye kioo cha taa iliyopitishwa kitaalamu utakuta herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha: E1 ni Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza, E43 Japani. Herufi B inamaanisha fogi. HR ni fulu ya halojeni, na pembeni yake kuna namba kama 17.5 au 37.5, ambayo ni kipimo cha ukali wake. Unajumlisha namba za taa zote zinazowaka pamoja kwenye fulu, na jumla isizidi 100, sawa na kandela 430,000. Taa isiyo na alama yoyote, hata boksi lake likijisifu kwa maelfu ya lumeni, hakuna aliyeipima mwanga wake unakwenda wapi.

Na mshale ulio karibu na alama hizo je? Huku tunaendesha kushoto, na dimu zetu zimetengenezwa zipandishe mwanga kidogo upande wa kushoto, kwa mtembea kwa miguu, na kuuweka chini upande wa kulia, kwa anayekuja. Taa ya hivyo ina mshale mlalo unaoelekea kulia kwako ukiwa umesimama mbele ya gari ukiitazama. Taa iliyotolewa kwenye gari la usukani wa kushoto haina mshale huo. Ukiinunua kwa sababu ni ya bei poa utakuwa unampandishia mwanga machoni kila unayepishana naye, na hakuna skrubu ya kulirekebisha hilo.

Wiki moja alikuja mzee muuza viazi, gari lake ni Probox, akalalamika kwamba kila anayekutana naye anampigia fulu. "Mimi nimedimu, kijana wangu, wao wananipigia tu."

"Mzee wangu, shikamoo. Ulikuwa umepakia?"

"Marahaba. Magunia matatu. Sasa nisipopakia nitakula nini?"

Nikachukua chaki nikampigia hesabu ukutani. Dimu hupangwa ishuke kwa asilimia 1, yaani sentimita 10 kwa kila mita 10. Magunia yakibonyeza springi za nyuma sentimita 5 tu, kwenye gari ambalo tairi la mbele na la nyuma limepishana mita 2.5 hivi, pua inainuka kwa asilimia 2. Mwanga uliokuwa unashuka kwa asilimia 1 sasa unapanda kwa asilimia 1. Umbali wa mita 50, mstari wa juu wa mwanga ambao ulitakiwa uwe chini ya kimo cha taa uko nusu mita juu yake, na hapo ndipo yalipo macho ya dereva wa gari dogo. Nikamwonyesha kidude cha kushushia taa kwenye dashibodi, chenye namba kuanzia 0. Ameliendesha gari hilo miaka na miaka akidhani ni cha redio.

Upangaji wenyewe hauhitaji mashine. Gari liwe kwenye sakafu tambarare, upepo wa tairi uwe sawa, mtu akae kwenye kiti cha dereva, ukuta uwe mita 10 mbele. Piga chaki kimo cha katikati ya taa. Mstari wa juu wa dimu ukae sentimita 10 chini ya chaki, wa fogi sentimita 15 hadi 20.

Balbu za LED zinazochomekwa mahali pa balbu ya halojeni ya H4 ndizo zinazonipa kazi nyingi ya kurekebisha. H4 ina nyuzi mbili, mmoja wa wati 60 kwa fulu na wa 55 kwa dimu, na chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usigonge nusu ya chini ya rifleta. Rifleta imechorwa kwa kuhesabu uzi huo upo wapi. Ukiweka LED nene isiyokaa mahali pale pale, mwanga unatawanyika juu na pembeni. Eneo lililo karibu na boneti linang'aa sana, macho yanajibana kwa mwanga huo wa karibu, na kule mbali ambako ng'ombe amesimama unaona pungufu ya zamani. Dereva anaapa kwamba anaona vizuri zaidi.

Vimulimuli vya bluu na vyekundu sifungi kwa gari la mtu binafsi, hata aje na kadi ya nani. Hivyo ni vya polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Ule mkanda mrefu wa LED wa juu ya paa ninaufunga kwa wanaoingia porini au mashambani, kwa swichi yake peke yake, na ninawapa na kifuniko cheusi cha kuuvika wakirudi kwenye lami. Asiyetaka kifuniko simfungii, na kuna vibanda vingine viwili kuelekea stendi.