Siku kuu nje ya nyumba: jua, radi na maji katika michezo ya familia za Bunia na Kilo

Kucheza nje humjenga mtoto kwa njia tatu: moyo na misuli hufanya kazi, mifupa hukomaa, na macho hupata mwanga usiopatikana ndani ya nyumba. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi angalau dakika 60 kila siku, na watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Siku kuu kama 30 Juni, sikukuu ya uhuru wa Kongo, au 1 Agosti, siku ya wazazi, ina faida ambayo siku ya kazi haina: baba na mama wapo nyumbani na wanaweza kucheza na watoto wao.

Safari za mbali, kama ile ya mapango ya Mlima Hoyo kusini mwa Bunia, zimekuwa ngumu kwa sababu ya vita, na Mei 2021 jimbo zima la Ituri liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Uwanja wa shule, kiwanja cha kanisa au ua wa nyumba ndivyo vilivyobaki kwa familia nyingi, na kwa afya vinatosha kabisa.

Kuruka kamba ni mfano mzuri. Kila miguu inapotua, mifupa hupokea mshindo unaozidi uzito wa mwili, na chembe hai za mfupa huitika kwa kuongeza madini mahali palipopigwa. Mpira wa mifuko ya plastiki uliokazwa kwa kamba hufanya vivyo hivyo, pamoja na mbio. Kupima nguvu ya mazoezi hakuhitaji chombo: anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba anafanya mazoezi ya wastani, na anayetoa maneno machache kisha akavuta pumzi anafanya mazoezi makali. Mzazi aliyekaa kitini akipiga makofi hajafikia hata kiwango cha kwanza, hivyo upande mmoja wa kamba ni wake.

Kwa upande wa macho, utafiti uliofanywa Guangzhou, China, na kutolewa mwaka 2015, ulifuatilia watoto wa darasa la kwanza walioongezewa dakika 40 nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, takribani 30 kati ya kila 100 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, ilhali kati ya wenzao ambao hawakuongezewa muda walikuwa karibu 40. Wataalamu wanaona kwamba mwanga mkali huifanya retina itoe dopamini, na kemikali hiyo huzuia jicho lisirefuke kupita kiasi. Kivuli cha mwembe nacho kina mwanga mwingi kuliko chumba chenye taa, kwa hiyo mtoto hahitaji kuchomwa na jua ili macho yake yafaidike.

Jua lenyewe huwadanganya watu wa Bunia. Mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni ya baridi kidogo, na mwili hauhisi kwamba unaungua. Lakini miale ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na karibu na ikweta jua la mchana husimama juu ya kichwa. Kipimo kiko chini ya miguu: kivuli cha mtu kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, jua ni kali. Bunia hali hiyo huanza takribani saa 3 asubuhi na kwisha saa 9 alasiri. Mbio na mpira ni vya kabla au baada ya hapo. Katikati kuna chakula, hadithi na bao chini ya mti. Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu muda wote awapo nje, kwa kuwa ngozi yake haina kinga ya asili dhidi ya jua.

Mawingu ya alasiri huleta radi. Mtu akiona umeme na ngurumo ikafika kabla hajahesabu sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na mchezo usimame mara moja. Mti ule ule uliotoa kivuli sasa ni hatari. Mahali salama ni nyumba imara au gari lililofungwa, na watoto warudi uwanjani dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Maji yanahitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Familia zinazofika Kasenyi au Tchomia hutamani kuoga Ziwa Albert, lakini ziwa hilo lina kichocho cha tumbo. Konokono wadogo wa kandokando huachia mabuu, hasa kuelekea mchana, nayo hupenya hata ngozi isiyo na jeraha ndani ya dakika chache. Maji yaliyotekwa na kutunzwa siku 2 bila konokono hayaambukizi kichocho, ila kwa kunywa ni lazima yachemshwe au yatiwe dawa, kwa sababu kipindupindu hurudi mara kwa mara ufukweni. Aliyekwisha kuoga aende apimwe. Dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu.

Huko Kilo, ambako dhahabu imechimbwa kwa zaidi ya miaka 100, hatari ni mashimo ya wachimbaji yaliyojaa maji ya mvua. Kingo zake huporomoka, kina hakionekani. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamata dhahabu kisha huuchoma mchanganyiko huo. Mvuke wa zebaki hudhuru ubongo na figo, na zebaki inayoingia mtoni hugeuka sumu inayojikusanya katika samaki. Mtoto asichezee shimo wala tope la kuoshea dhahabu, na asikae karibu na mahali zebaki inapochomwa.

Jua hutua karibu saa 12 jioni mwaka mzima, na mbu wa malaria huanza kuuma giza linapoingia. Wakati huo watoto wawe wamevaa nguo ndefu, na wakilala walale ndani ya chandarua chenye dawa. Mtoto akipata homa wiki moja au zaidi baada ya siku kuu, apelekwe kituo cha afya akapimwe malaria kabla saa 24 hazijapita.